Kuwafundisha watoto wa shule ya msingi kuishi na wenzao wasiofanana nao: mwongozo wa mwalimu, hatua kwa hatua

Walimu wanaoanza kazi huuliza maswali yaleyale kila mwaka. Nianze na somo gani? Nitenge kipindi maalumu? Nifanye nini mtoto akimcheka mwenzake kwa rangi yake, lafudhi yake, dini yake au mguu wake mfupi? Na watoto wa miaka saba si wadogo mno kwa mambo haya?

Si wadogo. Mtoto huona tofauti kati yake na wengine kabla hajaanza shule. Anachokuwa bado hajui ni aifanyie nini tofauti hiyo, na jibu hulipata kwa kuwatazama wakubwa.

Niseme mapema msimamo ninaoutumia humu: elimu ya utu haifundishwi kwa hotuba. Mtoto anaweza kuimba "tupendane" asubuhi, na mapumziko yakifika akamnyima mwenzake nafasi ya kucheza, wala asione kosa. Kinachombadilisha ni mpangilio wa darasa: anakaa na nani, anamhitaji nani ili kazi yake iishe, na mwalimu anafanya nini tusi linapomtoka mtu mdomoni. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini zinafanyika ndani ya vipindi vya kawaida vya hesabu, sayansi na lugha.

Jambo moja tuliweke wazi. Kumfundisha mtoto uvumilivu hakumaanishi kumfundisha anyamaze anapoonewa, wala aache imani ya kwao. Azimio la UNESCO kuhusu uvumilivu, lililopitishwa tarehe 16 Novemba 1995, linasema wazi kwamba uvumilivu si kuvumilia dhuluma. Mkuu wa shule akikuuliza jambo hili linahusiana nini na kazi yako, mwonyeshe Ibara ya 29 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989: inataja maelewano, amani, uvumilivu na usawa wa jinsia miongoni mwa mambo ambayo elimu inapaswa kumwandaa mtoto kuishi nayo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo la kwako peke yako, lisiloachwa mezani.
- Orodha ya majina ya wanafunzi wote, nakala kadhaa.
- Vikaratasi vidogo, kimoja kwa kila mtoto.
- Karatasi moja kubwa ya ukutani na kalamu nene.
- Andiko fupi la somo lolote linaloweza kukatwa vipande vitano vinavyojitegemea.
- Ridhaa ya mkuu wa shule. Usiichukulie kama utaratibu wa ofisini tu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport wa Marekani alieleza kwamba kukutana kwa watu wa makundi tofauti hupunguza chuki pale wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na wenye mamlaka wanapounga mkono. Watoto hujua haraka kama mambo yako yanaungwa mkono au ni ya chumba chako tu.
- Muhula mmoja mzima. Wiki moja haitoshi, na anayetafuta matokeo ya wiki moja ataishia kupachika mabango ukutani.

Hatua ya 1: Lijue darasa lako lilivyo

Kwa wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Tazama nani anakaa peke yake mapumzikoni, nani huchaguliwa mwisho kwenye michezo, na nani akijibu wengine hutazamana.

Kisha gawa vikaratasi. Waambie: "Andika majina ya wenzako watatu ambao ungependa kufanya nao kazi. Ni siri yako na mimi." Kusanya mwenyewe. Ukiwa peke yako, weka alama kwenye orodha kila jina linapotajwa. Utaona mambo mawili. Kuna watoto ambao hawakutajwa na yeyote, na kuna vikundi vinavyotajana vyenyewe tu: wavulana kwa wavulana, wenye uwezo kwa wenye uwezo, wa lugha moja kwa wa lugha moja. Orodha hii ndiyo utakayoitumia kupanga vikundi kwenye hatua ya 5.

Angalizo: usiulize kamwe "nani hupendi kufanya naye kazi?" Swali hilo linamlazimisha mtoto kumtafuta mtu wa kumkataa, na majibu yake huvuja. Majina ya kupendwa yanatosha kukuonyesha nani amesahauliwa.

Hatua ya 2: Anza na wewe

Chukua nakala nyingine ya orodha. Kwa siku tatu, kila unapomwita mtoto kujibu, weka nukta kwenye jina lake. Kila unapomkaripia, weka msalaba. Usijirekebishe wakati unahesabu. Siku ya nne utazame. Wengi hukuta nukta zimejaa mbele na katikati ya darasa, na misalaba imewarundikia watoto walewale.

Baada ya hapo fanya mabadiliko haya:

- Ita kwa kufuata orodha, usitegemee mikono iliyonyooshwa.
- Ukimuuliza mtoto mzito wa kujibu, hesabu kimoyomoyo moja hadi tatu kabla ya kuhamia kwa mwingine. Mwenye lugha ngeni anatafuta neno, si jibu.
- Acha kuwapanga kwenye madawati kwa alama walizopata.
- Acha majina ya utani unayowapa wewe, hata ya upendo. Mwalimu akimwita mtoto "mnene wangu", amewapa ruhusa arobaini wengine.
- Ondoa kauli za jumla: "nyie wasichana", "watu wa nyuma", "kama kawaida yenu".

Wako wanaotaka kwenda mbali zaidi na kuligawa darasa kwa makusudi ili watoto "waonje" ubaguzi. Mwaka 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa, mwalimu Jane Elliott wa mji wa Riceville, Iowa, aliwagawa wanafunzi wake wa darasa la tatu kwa rangi ya macho, akawapa upendeleo upande mmoja kisha upande wa pili. Ndani ya saa chache watoto waliopendelewa walianza kuwadharau wenzao. Ni ushahidi mzito wa jinsi mtoto anavyoupokea mgawanyo uliowekwa na mwalimu. Usiurudie darasani kwako. Watoto waliumia, na wewe huna sababu ya kuwaumiza tena ili kuthibitisha jambo linalojulikana.

Hatua ya 3: Tungeni sheria pamoja

Waulize: "Ni kitu gani mwenzako akikifanya, unatamani kubaki nyumbani?" Andika majibu yao ubaoni kama walivyosema. Yageuzeni yawe sheria nne au tano, si zaidi, kila moja ikitaja tendo linaloonekana. "Tuheshimiane" haimwambii mtoto wa miaka minane afanye nini. Hizi zinamwambia:

- Tunamwita mtu kwa jina analolitaka yeye.
- Anayeomba kucheza, anacheza.
- Mtu akizungumza, hatumcheki anavyotamka.
- Akisema "acha", tunaacha.

Ziandike kwenye karatasi kubwa, kila mtoto aweke jina lake chini, na wewe uweke lako. Sheria zinakuhusu pia, na mtoto akikukumbusha, mshukuru.

Hatua ya 4: Mahojiano ya wawili wawili

Panga jozi za watoto ambao hawakutajana kwenye vikaratasi. Kila mmoja amhoji mwenzake kwa dakika tano, kisha amtambulishe mbele ya darasa. Maswali yawe kama haya: Jina lako linatamkwaje, na nani alikupa? Ni kitu gani unakijua vizuri ambacho ungeweza kumfundisha mtu? Nini kinakuchekesha? Nini kilikuwa kigumu kwako mwaka jana?

Acha kabisa maswali kuhusu kazi za wazazi, safari za likizo, zawadi na vitu vya nyumbani. Dakika moja tu, na darasa limeshajipanga kwa utajiri.

Kutamka jina sawasawa ni jambo la uzito. Mtoto ambaye jina lake linaharibiwa kila siku na mwalimu wake anajifunza kwamba hapa yeye ni mgeni. Likikushinda mara ya kwanza, mwombe alirudie polepole, ulirudie naye, na kesho uliseme vizuri.

Hatua ya 5: Kazi ya vipande

Hii ndiyo nguzo. Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Kuwakalisha pamoja watoto tofauti hakutoshi. Kiangazi cha 1954, huko Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwagawa wavulana wa umri wa miaka kumi na moja hivi kambini katika vikundi viwili vilivyoshindana mpaka vikachukiana. Walipojaribu kuwakutanisha kwenye chakula na burudani, walirushiana chakula. Uhasama ulipungua walipokabiliwa na shida ambazo kikundi kimoja kisingeziweza peke yake, kama kukatika kwa maji ya kambi. Mwaka 1971, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walipeleka wazo la namna hiyo katika madarasa ya Austin, Texas, shule zilipokuwa zimeanza kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali na ugomvi umepamba moto. Kila mtoto alipewa kipande kimoja cha somo ambacho wenzake hawana. Bila kumsikiliza, hawapiti mtihani.

Tufanye mfano kwa darasa la watoto 30 na somo la nyuki.

a) Panga vikundi sita vya watoto watano. Panga wewe, kwa kutumia orodha ya hatua ya 1: mtoto asiyetajwa awe pamoja na angalau mmoja aliye mpole naye. Marafiki wa chanda na pete watenganishwe, na maadui wakubwa vilevile, kwa sasa. Hivi ni vikundi vya nyumbani.

b) Kata andiko vipande vitano: malkia na kazi yake ya kutaga; vibarua, ambao wote ni majike; madume, wasio na mwiba; jinsi nyuki wanavyoelekezana kwa kucheza; na jinsi nekta inavyogeuka asali. Kila mtoto katika kikundi apate kipande chake tu. Kiwe na mistari michache na lugha nyepesi.

c) Dakika kumi: kila mtu asome kipande chake kimya. Asiyesoma vizuri umsomee pembeni, bila kutangaza.

d) Dakika kumi na tano: wenye kipande kimoja kutoka vikundi vyote wakutane. Hawa ni wataalamu. Wakubaliane mambo matatu ya lazima kuyasema, na kila mmoja ajaribu kuyasema kwa sauti. Usiiruke sehemu hii. Hapa ndipo mtoto mwenye aibu hupata maneno ya kwenda nayo kwenye kikundi chake cha nyumbani.

e) Dakika ishirini: warudi vikundi vya nyumbani, kila mmoja afundishe kipande chake. Wengine waulize na waandike.

f) Jaribio fupi la maswali yanayogusa vipande vyote vitano. Kila mtoto ajibu peke yake na apate alama zake mwenyewe.

Tembea ukisikiliza. Utamwona yule hodari akimkata kauli mwenzake anayekwama: "Leta nisome mimi!" Usimkaripie. Inama, mwambie kwa sauti ya chini: "Yeye ndiye anayejua habari za madume, na swali lake litakuwepo. Ukimuuliza vizuri utapata nini?" Kisha ondoka. Hodari huyo si mjinga, baada ya jaribio moja au mawili ataanza kuuliza: "Umesema hawana mwiba, sasa wanajilindaje?" Na yule anayekwama ataulizwa swali la kweli na mwenzake, pengine kwa mara ya kwanza tangu aanze shule.

Makosa yanayoua kazi hii: kutoa alama moja kwa kikundi kizima, kwa sababu mtoto dhaifu atalaumiwa; kutoa kipande rahisi kuliko vyote kwa mtoto dhaifu kila mara, kwa sababu watagundua; kuwaachia wachague vikundi; na kuifanya mara moja kisha kuiacha. Fanya mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, ndipo ubadilishe vikundi.

Darasa likiwa na watoto 60, unakuwa na vikundi kumi na viwili vya nyumbani. Wataalamu kumi na wawili pamoja ni mkutano, kwa hiyo wagawe mara mbili. Idadi isipogawanyika, watoto wawili washike kipande kimoja kwa pamoja.

Hatua ya 6: Tusi linapotoka

Litatoka tu. Jiandae kwa maneno kabla, maana wakati huo hutapata nafasi ya kufikiri.

Kwanza, simamisha palepale, kwa sauti ya kawaida: "Hapana. Darasani kwetu hatumsemi mtu kwa ngozi yake. Endeleeni na kazi." Sentensi tatu fupi, si mahubiri. Ukinyamaza, watoto wote walioshuhudia wamepata jibu lao.

Pili, nenda kwa aliyeumizwa kabla ya kwenda kwa aliyeumiza. Mwambie: "Nimesikia. Haikuwa sawa, na nitalishughulikia." Usimwambie apuuze. Usimwombe awaelimishe wengine kuhusu dini yake au ulemavu wake.

Tatu, wengine wakitoka, kaa na aliyetukana. Uliza kwa mpangilio huu: Nini kilitokea? Ulikuwa unafikiria nini? Nani ameguswa na ulichosema, na vipi? Sasa utafanya nini kukirekebisha? Acha "kwa nini" pembeni. Mtoto hujibu "kwa nini" kwa kujitetea. Mara nyingi utagundua neno hilo alilisikia kwa mkubwa fulani, na wala hajui uzito wake. Mweleze, bila kumtukania wazazi wake.

Nne, fuatilia baada ya siku mbili. Muulize aliyeumizwa kama limetulia.

Kosa kubwa hapa ni kuwalazimisha washikane mikono mbele ya darasa. Anayeomba radhi kwa kulazimishwa hajajuta, na anayelazimishwa kusamehe ameonewa mara ya pili.

Hatua ya 7: Hadithi isiyomalizika

Mara moja kwa wiki, dakika kumi na tano. Soma hadithi yenye ugomvi, usimame kabla ya mwisho. Waulize kila mhusika anataka nini na anaogopa nini. Kisha wabadilishane nafasi: aliyemtetea mmoja amsemee mwingine. Hadithi za mtoto mlemavu au maskini asiye na lolote ila kuhurumiwa, ziache. Chagua ambamo mtoto huyo ana akili, ana hasira, anakosea na anasaidia kama wengine.

Hatua ya 8: Wazazi

Waambie mapema, kwenye kikao, unachofanya na kwa nini: watoto watafanya kazi na wenzao wote, kwa zamu, na hakuna imani ya nyumbani itakayokosolewa darasani. Mzazi aliyeelezwa mwezi wa kwanza hashangai mwezi wa tatu.

Mwisho wa muhula rudia vikaratasi vya hatua ya 1 na ulinganishe. Ukikuta waliokuwa hawatajwi wametajwa hata na mtu mmoja, kazi imeanza kushika.

Mambo yanapokwama

*"Nilikuwa natania tu."* Utani ni wa wawili. Muulize mwenzake, faraghani, kama naye alicheka. Kama hakucheka, sheria ya "acha" inafanya kazi.

*Mtoto anauliza kwa sauti, "Mbona yule anatembea hivyo?"* Usimnyamazishe kwa haya. Mjibu kwa ufupi na ukweli: miguu yake inafanya kazi kwa namna nyingine. Kama anataka kujua zaidi amuulize mwenyewe kwa adabu, na mwenyewe ana haki ya kukataa kujibu.

*Darasani wote ni wema, uwanjani ni vita.* Sheria zenu hazijatoka nje ya mlango. Zungumza na mwalimu wa zamu, mkubaliane maneno yaleyale ya kusimamisha. Wape pia michezo inayohitaji timu mchanganyiko, timu zikipangwa kwa kuhesabu namba badala ya kuchaguana.

*Mzazi anakataa mwanawe akae na mtoto fulani.* Msikilize mpaka amalize. Wakati mwingine kuna tukio la kweli nyuma yake. Kama lipo, lishughulikie. Kama sababu ni kabila, dini au hali ya nyumbani, mwambie kwa heshima kwamba vikundi hupangwa na mwalimu kwa watoto wote sawa, na umjulishe mkuu wa shule siku hiyohiyo.

*Kikundi kinamkataa mtoto mmoja waziwazi.* Usiwasihi wampende. Mpe kipande ambacho ana ujuzi nacho kweli, umpitishe kwenye kikundi cha wataalamu chenye watu wapole, na punguza kikundi chake cha nyumbani kiwe cha watatu kwa muda. Angalia pia kama kuna tabia yake inayowaudhi, mfano kunyakua vitu vya wenzake, na umsaidie kuiacha, mkiwa wawili tu.

*Ni mtoto yuleyule anayeumizwa, na watu walewale, tena na tena.* Huu si ugomvi, ni uonevu, na maswali ya hatua ya 6 hayatoshi. Usiwakalishe meza moja kupatanishwa kana kwamba wako sawa. Mlinde kwanza anayeonewa: badilisha nafasi za kukaa, panga mtu mzima wa kuwa karibu naye mapumzikoni na wakati wa kuondoka, andika tarehe na matukio kwenye daftari lako, ita wazazi wa kila upande kwa nyakati tofauti, na ukabidhi taarifa kwa mkuu wa shule kwa maandishi.